Injini Haiamshwi kwa Maneno

Mkono wa Chipu bado uko hewani, msomaji wangu, palepale tulipouacha wiki jana. Kiganja wazi, vidole vinachezacheza, anamdai ufunguo dada yake wa tumbo moja.

"Lete," alisema. "Ahadi ni deni, na shahidi ni mama."

Kama wiki jana ulipitwa, shauri yako, ila nitakupa kwa ufupi. Baba yao aliacha vitu viwili: karakana na brekdauni, lile gari la kuvuta magari mabovu. Kaka akachukua karakana, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu kwamba anaamsha injini zilizolala. Anachomeka laptopu chini ya usukani, anabonyezabonyeza, gari linatoka pale linakimbia kama limetukanwa. Ndiyo maana anaitwa Chipu. Dada akachukua brekdauni, na kwa kuwa kutwa yuko na mnyororo mkononi, watu walishasahau jina alilopewa na wazazi. Wanamwita Winchi.

Sasa ugomvi. Nusu ya magari yanayotoka kwa kaka, dada ndiye anayekwenda kuyaokota barabarani. Alilisema hilo mbele ya wateja. Kaka akawaka, akajibu kwamba brekdauni lenyewe ni kikongwe kinachokohoa, apewe siku moja tu aliamshe. Ndipo wakawekeana ahadi mbele ya mama yao: gari lipande kilima kinachotoka darajani hadi nyuma ya karakana likivuta lori bovu, kabla ya kutyuniwa, yaani kuongezewa nguvu kwa laptopu, na baada. Likizidi nguvu, linakuwa mali ya karakana na Winchi anakuwa dereva wa kutumwa na kaka yake. Lisipozidi, Chipu anafuta maandishi mlangoni na laptopu anaifungia kabatini.

Asubuhi lilipanda kwa gia ya kwanza, moshi mweusi, nusura lirudi kinyumenyume. Mchana, baada ya Chipu kujifungia nalo karakanani, likapanda kwa gia ya tatu. Na aliyeshika usukani mara zote mbili ni Winchi mwenyewe. Hapo utamsingizia nani?

"Unangoja nini?" Chipu aliuliza. "Au unataka nikusomee na hotuba?"

Wateja walicheka. Walikuwa wamejaa uani, wengine wamekalia matairi, wengine wameegemea magari yao. Aliyecheka kuliko wote ni dereva wa teksi wanayemwita Honi. Gari lake lilitoka kwa Chipu majuzi, na tangu siku hiyo hana habari nyingine ya kuzungumza.

"Mpe, Winchi," Honi alisema. "Mimi langu nikigusa mafuta tu linaruka. Wewe unabisha nini na macho unayo?"

"Gari la shule la mume wangu linapanda kilima hiki kila siku na watoto ndani," Winchi alijibu. "Wiki hii ndiyo linapanda kama halina mtu. Na hakuna aliyelichomekea laptopu. Limetunzwa tu. Oili mpya, chujio safi, basi."

Chipu alikohoa. Akatazama pembeni kidogo, kisha akaurudisha uso wake wa dharau mahali pake.

"La shemeji liache," alisema. "Tunazungumza hili."

Mama yao alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mkoba mapajani. Hakucheka, hakununa.

"Mwanangu, ulikubali," alimwambia Winchi. "Mimi nilikuwepo."

Hilo ndilo lililomkata maini. Akatia mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye nati kubwa ya gurudumu, baba yao aliufunga mwenyewe ili usipotee. Bila ufunguo ule yeye ni nani? Ni mtu wa kupigiwa mluzi na kaka yake aende kumwokotea magari aliyoyaua. Wakati ule alimchukia Chipu kwa moyo wote, tena bila aibu.

Chipu alipouona ufunguo alitabasamu. Akachomoa tambara kwenye mfuko wa ovaroli, akajifuta jasho kiganjani, ili apokee urithi kwa mkono mkavu. Hapo ndipo madaha yalipomponza.

Tambara lilikuwa la kijani lenye maua meupe. Winchi aliyajua maua yale tangu utoto wake. Lilikuwa pazia la sebuleni kwa mama. Lilipochakaa mama alilichana vipande akampa yeye peke yake, awe anafutia mikono kazini.

"Hilo tambara umelitoa wapi?"

"Tambara ni tambara."

"Nimekuuliza umelitoa wapi."

"Chini ya kiti cha gari lako. Au na tambara nalo tuliitie kikao?"

Jibu lilikuwa zuri tu. Matambara yake kweli hukaa chini ya kiti. Lakini Chipu alilirudisha mfukoni haraka mno. Mtu huficha sigara hivyo akimwona baba mkwe, hafichi tambara.

Winchi akamrukia. Akalidaka ncha moja, Chipu akang'ang'ania nyingine, wakavutana uani kama walivyovutana shuka utotoni. Lakini kuvuta ni kazi ya Winchi, kaka mtu kazi yake ni kubonyeza. Tambara likaenda kwa mwenye mazoezi.

Akalikunjua mbele ya watu wote. Katikati palikuwa na duara jeusi la vumbi, limeshindiliwa mpaka limekuwa gumu, upana wake kama bakuli dogo. Nje ya duara maua yalikuwa safi. Tambara la kufutia mikono huchafuka ovyoovyo, lakini hili lilikuwa limechafuka kwa kipimo.

Mara akakumbuka.

Alikumbuka siku aliyosafisha chujio la hewa kando ya barabara ya vumbi. Alilitoa chujio, akalifuta kasha lake mpaka likang'aa, lakini upepo ukawa unamrudishia vumbi ndani kupitia bomba linaloleta hewa. Akafanya wanavyofanya wote wa kazi ile: akachukua tambara, akaziba mdomo wa bomba kwa nje. Mara simu ikalia, kuna basi limezama mtaroni. Akarudisha chujio, akafunga kasha, akashusha boneti, akaondoka mbio. Tambara halikumrudia akilini tena.

Tangu siku ile gari likaanza kuchoka. Moshi mweusi, mlima mdogo gia ya kwanza. Yeye akasema gari limezeeka, kumbe alikuwa amelikaba koo kwa mkono wake.

Sasa angalia mtego aliokuwa ndani yake. Akinyamaza, ufunguo unakwenda. Akisema, watu wote wanaomwamini na magari yao watajua kwamba Winchi, bingwa wa kuwacheka wenzake, aliziba gari lake mwenyewe na asigundue. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye brekdauni, akainua boneti.

"Njooni muone," alisema.

Walisogea. Honi alikuwa mbele, shingo imerefuka. Winchi akaliweka tambara juu ya mdomo wa bomba la hewa, nyuma ya taa ya kushoto. Duara jeusi likaufunika mdomo sawasawa kama kifuniko na sufuria yake.

"Niliziba mimi," alisema. "Nikasahau. Ndiyo maana asubuhi lilikuwa linakufa. Huyu alipofungua boneti alilikuta, akalitoa, gari likapata pumzi, likapanda. Sasa anataka kunipokonya gari kwa sababu ya pumzi."

Halafu Chipu akaanza kupiga makofi polepole, peke yake.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Dereva gani huyu? Gari la baba analiziba pua, halafu anakuja kunitukana mimi kwamba naharibu magari ya watu. Mama, umemsikia? Hata bila ahadi, mtu kama huyu anastahili kuachiwa gari?"

Kicheko kikalipuka. Honi alijipiga mapaja.

"Winchi bwana," alisema. "Kumbe ugonjwa ulikuwa wewe."

Aliumia. Sitakudanganya kwamba alisimama imara kama chuma, aliumia mpaka macho yakamwasha. Lakini ufunguo aliubana, nati ikamwingia kiganjani.

Mama akanyanyuka kwenye kigoda.

"Kosa la mwanangu nimelisikia," alisema. "Nimelitia kikapuni. Wewe Chipu, tambara ulilikuta hukulikuta?"

"Nililikuta. Lakini laptopu nayo ilifanya kazi yake. Nguvu ile si ya tambara peke yake, mama. Hewa kidogo, programu nyingi."

"Sawa. Basi toa hiyo programu yako. Lipande tena, bila tambara na bila laptopu. Likikohoa, ufunguo wako. Likipanda kama lilivyopanda, unafuta mlango."

Hukumu nyepesi namna hiyo, hata mtoto angeitoa. Lakini ungemwona Chipu alivyobadilika rangi.

"Haitolewi hivihivi," alisema. "Ni kazi ya siku nzima. Injini inaweza kuvurugika."

"Mbona mimi uliniambia ile ya zamani unaihifadhi?" Honi aliuliza. "Ulisema nikijuta, unairudisha nikiwa nakunywa soda."

"Wewe nyamaza."

"Mimi mteja. Ninyamaze vipi?"

Chipu akamshika dada yake kiwiko, akamvuta chini ya boneti iliyoinuliwa, akajifanya anamwonyesha kitu. Huko, vichwa vyao vikiwa karibu na injini yenye joto, akanong'ona kwa meno yaliyobana.

"Hakuna cha kutoa."

"Unasema?"

"Sikuweka kitu. Nilipoinua boneti nikaona tambara, nikacheka, nikalitoa, nikakaa nikangoja muda upite. Laptopu sikuifungua. Umefurahi? Sasa sikiliza. Tutoke hapa tuseme tumetoka sare. Gari lako, karakana yangu, kila mtu na lake. Ukisema nje, hawa watanila nyama."

"Dakika hii tu ulikuwa unanipigia makofi."

"Dada, mimi ni kaka yako."

"Sasa hivi ndiyo umekumbuka."

Alijiondoa mkononi mwake. Nadhani hata Chipu alijua jibu kabla halijatoka. Winchi alisimama mbele ya wateja, tambara mkono mmoja, ufunguo mkono mwingine, akasema kwa sauti ambayo hata walioko barabarani waliisikia.

"Hakuweka kitu. Amekiri mwenyewe hapa chini ya boneti. Laptopu hakuifungua kabisa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Waliokuwa wameegemea magari yao walisimama wima. Mama alifumba macho, akayafumbua.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema, akarudi kukaa kwenye kigoda chake. "Ufunguo ni wa dada yako. Katafute brashi na rangi nyeupe, mlango ule nauonea aibu."

Winchi akautia ufunguo mfukoni. Nati ikampiga pajani, na yeye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Lakini mambo hayakuishia hapo, maana Honi alikuwa anamsogelea Chipu, na hakuwa anacheka tena.

"Na langu?"

"Lako liko sawa."

"Sijauliza kama liko sawa. Nauliza uliweka nini."

Chipu alitazama kushoto, akatazama kulia, njia zote zimejaa wateja.

"Nilikufungia kiboksi kwenye pedali ya mafuta," alisema. "Ukigusa kidogo, kinaiambia injini umekanyaga sana. Ndiyo maana linaruka."

"Na nikikanyaga mpaka chini?"

"Mpaka chini ni ileile."

"Nguvu imeongezeka kiasi gani?"

"Haikuongezeka."

Honi aliutazama mguu wake wa kulia. Siku zote hizo alikuwa akiwatambia madereva wenzake kituoni, kumbe anatambia wepesi wa mguu wake mwenyewe. Nyuma yake wengine nao walianza. Mmoja alitaka kujua habari za lori lake, mwingine za pikapu ya mkwewe. Kwa kila mmoja Chipu alikuwa na jibu dogo la aibu. Huyu alimbadilishia plagi tu. Yule alimsafishia chujio na kumpandishia mlio. Gari lilionekana jipya kwa sababu kabla ya hapo lilikuwa chafu tu.

"Kwa hiyo wewe ni tapeli mtupu," Winchi alisema. "Hata moja hukuwahi kuliamsha kweli?"

Hapo Chipu akapandwa na kiburi, hata katika fedheha ile.

"Mimi si tapeli mtupu. Kazi naijua. Kuna moja nililifanya kweli, kwa laptopu, mwanzo mpaka mwisho. Linavuta kuliko gari lolote mji huu, wala halina kiboksi."

"Lipi?"

Kiburi kikamtoka Chipu usoni kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Nimekuuliza ni lipi."

Simu ya Winchi ikalia. Ilikuwa ya mumewe. Akaiweka sauti ya nje kama afanyavyo akiwa kazini, na ua wote ukasikia mngurumo. Haukuwa mngurumo wa gari linalotembea. Ulikuwa unapanda tu, unapanda, kama mtu anayepiga yowe bila kuvuta pumzi.

"Mama Pacha." Mumewe alikuwa anapiga kelele ili asikike. "Gari halizimi."

"Toa ufunguo."

"Ninao mkononi. Nimeutoa zamani. Gia haipo, mguu haupo kwenye mafuta, injini inazidi kupanda yenyewe. Moshi umejaa kila mahali."

"Uko wapi?"

"Chini ya kilima, darajani. Watoto nawatolea dirishani, mlango wa pembeni umekwama."

"Na wetu?"

"Pacha walikaa nyuma kabisa. Bado sijawafikia."

Winchi alimgeukia kaka yake. Hakuuliza tena, maana jibu lilikuwa limeandikwa usoni pa Chipu kwa herufi kubwa kuliko zile za mlangoni.

"Ndilo hilo," Chipu alisema kwa sauti ndogo. "Shemeji aliniomba nisikwambie. Alichoka kubaki nyuma ya wenzake mlimani. Nililiongezea msukumo wa tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Na linavuta kweli, dada. Nguvu iliongezeka kweli."

"Na sasa?"

"Feni imeshindwa kuubeba msukumo huo. Imepasuka inavujisha oili, na injini inainywa. Oili ni mafuta pia. Itakunywa mpaka ipasuke, na ikipasuka huwa inawaka."

Wiki nzima alikuwa anamsifu mumewe kwa kutunza gari. Kumbe alikuwa anausifu mkono wa Chipu, na pacha wake walikuwa wakipanda humo kila asubuhi. Alitamani kumpiga kaka yake mpaka mkono uchoke. Lakini kupiga kunangoja, mlio ule haungoji.

"Inazimwaje?"

"Inyime hewa. Ziba mdomo wa bomba, itakufa yenyewe."

Wote wawili walilitazama tambara mkononi mwa Winchi. Kitu kilekile kilichomvua nguo mchana ule.

"Baba Pacha," alipiga kelele kwenye simu, huku anakimbilia brekdauni. "Tafuta nguo nzito, ikunje, ziba mdomo wa bomba la hewa. Inua boneti, upo nyuma ya taa."

"Haupo huko," Chipu alisema. Alikuwa anakimbia sambamba naye. "Lile bomba nililikata ili livute vizuri. Mdomo niliushusha chini, nyuma ya ekzosi. Kwa juu mkono haufiki. Lazima mtu alale chini ya injini."

Winchi alikuwa ameshapanda, injini ya brekdauni imewaka. Chipu akasimama kwenye mlango wa pili. Mkono wake ulikuwa hewani tena, kiganja wazi, kama ulivyokuwa tulipoanza.

"Nipe tambara," alisema. "Nimelikata mimi, nitalala mimi."

Winchi alimtazama kwa chuki yote aliyokuwa nayo, na ilikuwa nyingi.

"Panda," alisema.

Brekdauni lilitoka getini kwa kishindo, likaelekea kilima kilekile, safari hii kwa kuteremka. Simu ilikuwa kwenye kiti katikati yao, bado iko hewani, maneno yote ya Chipu yalikuwa yamepita humo, na mlio ule ukawa mwembamba zaidi, wa juu zaidi. Winchi aliita jina la mumewe mara kadhaa. Hakujibiwa.

Kisha ikaja sauti nyingine kwenye simu. Ilikuwa ndogo, karibu sana, ya mmoja wa pacha wake.

"Mama," ilisema. "Baba ametuachia simu. Mbona ameingia chini ya gari?"